Ngoma ya Watoto Nayo Yaweza Kukesha

Elimu kamili ya muziki kwa watoto: funzo kutoka Malindi, Unguja

Wahenga wetu walisema kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Ndugu msomaji, nawe bila shaka umekwisha kuiona ngoma hiyo: kopo tupu la maziwa limegeuzwa kuwa ngoma, mfuniko wa sufuria umekuwa toazi, mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na vumbi linatimka uani. Punde si punde mmoja amelia, mwingine ameitwa na mamaye akatumwe dukani, na wa tatu amesinzia palepale alipoketi. Ngoma imekwisha hata kabla jua halijazama.

Wazee hawakukosea. Lakini ni vyema tujiulize: ngoma hiyo haikeshi kwa kuwa watoto hawaiwezi, au kwa kuwa hapana mtu mzima aliyeketi nao akawaonyesha namna ya kuikesha? Swali hili si la mchezo. Katika kisiwa cha Unguja liliulizwa kwa vitendo mwanzoni mwa karne hii, na majibu yake yanamhusu kila mzazi, wa visiwani na wa bara.

MALINDI PENYE SAUTI NYINGI

Malindi ni mtaa wa ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioshikana na bandari. Hapo mtoto hazaliwi katika ukimya. Alfajiri husikia adhana kutoka msikiti wenye mnara wa umbo la pia. Asubuhi husikia wavuvi na wachuuzi wakinadi samaki diko. Mchana husikia honi ya meli na kelele za wachukuzi. Alasiri, baada ya skuli, huenda chuoni kusoma Kurani, na huko huimba kaswida pamoja na wenziwe, pengine kwa dufu na kwa kuyumba mabega kwa pamoja kama wimbi. Usiku wa harusi, husikia taarabu.

Hata katika mambo ya muziki wenyewe, jina la Malindi lina uzito. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, na ambacho ni miongoni mwa vikundi vya taarabu vikongwe kabisa katika Afrika ya Mashariki, watu wa mjini wamezoea kukiita Malindi tu. Ukisema usiku huu wanapiga Malindi, hakuna atakayedhani unazungumzia mpira, ijapokuwa timu ya mpira ya jina hilo nayo ipo.

Na ukitoka bandarini ukafuata barabara ya Mizingani ukielekea Forodhani, utalipita jengo kubwa linalotazama bahari, nalo ni Forodha ya Zamani. Katika jengo hilo, mwaka 2002, kilifunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Jina hilo lilichaguliwa kwa maana. Nchi za jahazi ni zile zilizounganishwa na pepo za kaskazi na kusi: pwani yetu, Bara Arabu, Ghuba, Bara Hindi na visiwa vilivyo kati yake. Majahazi hayakuleta tende, mazulia na vyungu peke yake, bali yalileta pia udi, fidla na kanuni, nayo yakaondoka na midundo yetu.

ZAMANI WALIJIFUNZAJE?

Huenda ukauliza: kabla ya chuo hicho, je, wapigaji wa Unguja hawakujifunza? Walijifunza, tena barabara. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana wa Kizanzibari aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, kisha akarudi kufundisha wenziwe. Tangu hapo elimu hiyo ilipita mkono kwa mkono. Kijana mwenye hamu alikwenda klabu, akaketi pembeni, akabeba vyombo vya wakubwa, akafuta vumbi, akachemsha chai, na masikio yake wakati wote yakawa wazi. Siku mpigaji mmoja alipougua, yeye akaambiwa: haya, shika.

Njia hiyo ilikuwa na baraka zake, kwani ilimfunza mtoto adabu na subira kabla ya kumfunza vidole. Lakini ilikuwa na kasoro tatu. Kwanza, mlango wake ulikuwa mwembamba, maana aliyeingia ni yule mwenye baba, mjomba au jirani ndani ya klabu. Pili, wasichana hawakuruhusiwa kugusa vyombo, waliimba, wakapigiwa. Tatu, mwalimu alipofariki ghafla, alikwenda kaburini na nusu ya aliyoyajua.

Chukua mfano wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, binti wa ukoo usio na mali, akauza vyungu vya udongo kwa kuvitembeza na kuvinadi. Sauti alikuwa nayo tangu alikotoka. Hata hivyo haikuwa sauti peke yake iliyomfikisha Bombay mwaka 1928, alikorekodi sahani za santuri zilizosikika pwani nzima. Alipofika mjini alimpata Ali Muhsin, aliyekuwa mtu wa Ikhwani Safaa, naye akamfundisha. Kipaji kikubwa kiasi hicho nacho kilihitaji mwalimu. Hebu fikiri ni akina Siti wangapi walionadi vyungu vyao hadi uzeeni kwa kuwa hawakukutana na mtu wa kuwafundisha.

Au mchukue Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013 akiwa ajuza wa miaka mingi sana. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya WOMEX, naye hakuwa amesoma nota hata moja. Elimu ya ngoma ya unyago aliibeba mwilini mwake: katika viganja, nyonga na pumzi. Elimu ya namna hiyo haiazimwi maktaba. Ama umeipokea kwa mwenyewe angali hai, ama imekupita.

MAFUNZO KAMILI NI YAPI?

Hapo ndipo linapokuja neno elimu kamili. Wazazi wengi, wakiambiwa mtoto asome muziki, hufikiria chombo kimoja: mtoto anunuliwe kinanda kidogo cha betri, apige nyimbo mbili tatu mbele ya wageni, basi. Huko ni sawa na kumfundisha mtoto kusoma kwa kumkaririsha ukurasa mmoja. Chuo cha Mizingani kilikusudia jambo pana zaidi: taarabu na ngoma za asili ziwekwe darasa moja na nota za kizungu, na mwanafunzi ajue kupiga kwa kusikia na vilevile kwa kusoma. Kutokana na uzoefu wa Unguja, na wa mataifa mengine, tunaweza kuyataja mambo sita ambayo mtoto hapaswi kukosa.

La kwanza ni SIKIO. Muziki wa taarabu umejengwa juu ya maqamu, yaani ngazi za sauti zilizotoka Uarabuni, kila moja na hali yake: Rasti, Bayati, Hijazi, Nahawandi na nyinginezo. Katika baadhi yake, kama Rasti na Bayati, zimo sauti zinazoangukia katikati ya vibonye viwili vya kinanda cha kawaida. Kinanda hakinazo, bali udi na fidla zinazo, kwa sababu shingo zake hazina vizuizi na kidole huweza kutua popote. Mtoto aliyelelewa kwa kinanda peke yake atazisikia sauti hizo kama makosa. Aliyezisikia mapema atazijua kama mtu ajuavyo lafudhi ya nyumbani kwao. Na tangu miaka ya 1990, vinanda vya umeme viliposhika nafasi ya fidla katika taarabu ya kisasa, hatari hiyo imezidi.

La pili ni SAUTI. Chombo cha kwanza cha mtoto hakinunuliwi. Mhungaria Zoltán Kodály, aliyefariki mwaka 1967, alijenga mfumo mzima wa kufundisha muziki juu ya msingi huo: mtoto aimbe kwanza, tena nyimbo za asili za lugha ya mamaye, ndipo apewe nota na chombo. Mtu wa pwani hapaswi kustaajabu, kwa kuwa chuoni na katika michezo ya mbalamwezi ndivyo tulivyoanza sote.

La tatu ni MWILI. Kwetu neno ngoma ni chombo, ni wimbo na ni mchezo wenyewe. Lugha imekataa kuvitenganisha. Mtoto aliyecheza mdundo kwa miguu hapotei anapoupiga kwa mikono. Mjerumani Carl Orff naye aliwaanzishia watoto kwa maneno, mwendo na vyombo vya kugonga, kabla ya jambo jingine lolote.

La nne ni MIKONO. Hapa Unguja inayo skuli rahisi kabisa nayo ni kidumbaki. Kidumbaki hutaka vigoma viwili vidogo, mkwasa wa kugonganisha, cherewa za kutikisa, fidla moja, na sanduku. Sanduku hilo ni besi: boksi la mbao lililofunikwa, kijiti kimoja na uzi mmoja, ukivuta kijiti sauti hupanda, ukilegeza hushuka. Fundi seremala yeyote aweza kulitengeneza. Mtoto wa miaka saba aweza kushika cherewa leo, mkwasa mwakani, kigoma mwaka wa tatu, na wakati wote huo anapiga pamoja na watu wazima, si peke yake chumbani. Akiwa tayari, ndipo aingie katika udi, fidla, nai, akodiani au kanuni, kile chombo cha nyuzi zaidi ya sabini kinacholazwa mapajani au mezani, ambacho jina lake lafanana na sheria, nacho kweli hakivumilii ovyo.

La tano ni KALAMU. Wimbo wa taarabu ni shairi kabla haujawa wimbo. Una vina vyake na mizani yake, aghalabu kumi na sita kwa mstari, nane kwa nane. Mtoto anayehesabu mizani kwa vidole amekwisha kuanza kuhesabu mapigo. Anayetafuta kina anajifunza msamiati. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa muziki wangelikaa meza moja, wangeligundua kwamba nusu ya kazi yao ni moja. Na juu ya shairi hilo ziongezwe nota, ili wimbo alioutunga mtoto wa Malindi uweze kupigwa na mtoto wa Mwanza asiyemjua.

La sita ni UMOJA. Katika kikundi mtoto hujifunza kungoja zamu, kumpisha mwenziwe, kupunguza sauti yake ili ya mwingine isikike. Tunapozungumza kila siku juu ya kujenga taifa, tusisahau kwamba hapa ndipo mtoto hulionja taifa kwa mara ya kwanza: watu wengi, vyombo mbalimbali, wimbo mmoja.

WASICHANA NA VYOMBO

Liko jambo lingine la kupongezwa. Katika taarabu ya Unguja kwa miaka mingi mwanamke aliketi mbele akaimba, na nyuma yake safu nzima ya wapigaji ilikuwa ya wanaume. Milango ya chuo ilipofunguliwa kwa wote, mabinti nao wakashika vyombo. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani aliunda kikundi cha Tausi, ambacho wanawake wenyewe ndio wapigaji. Siti Amina, mwimbaji na mpiga udi aliyepata kusoma katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, naye akawa na kikundi kinachojulikana hadi nje ya nchi. Binti wa leo akimwona mwanamke mwenzake amekumbatia udi jukwaani, hahitaji kuhubiriwa kwamba jambo hilo linawezekana.

HOFU ZA WAZAZI

Najua, mzazi unayesoma ukurasa huu, kwamba moyoni unayo maneno, na ni haki yako.

Wapo wanaohofia dini. Hilo ni jambo la imani, na wanazuoni wenyewe wana rai mbalimbali juu ya vyombo vya muziki. Gazeti haliwezi kulikata. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mafunzo hayana mlango mmoja. Mzazi asiyeridhia udi bado aweza kumpa mwanawe sauti, pumzi, mahadhi na mashairi kwa njia ya kaswida na maulidi, na mwalimu mwenye busara ataheshimu mpaka huo.

Wapo wanaohofia uhuni. Hawa hawasemi uongo, maana yako majukwaa yasiyofaa mtoto. Lakini mtoto mwenye hamu ya muziki asiyepewa mwalimu haachi muziki; huufuata kokote aukutapo, saa yoyote na pamoja na yeyote. Ni heri aupate alasiri, mbele ya mwalimu anayejulikana, kuliko usiku mahali usipopajua.

Wapo wanaohofia masomo. Mtoto ana skuli, ana chuo, ana kazi za nyumbani. Atapata wapi nafasi? Jibu ni kwamba haitakiwi siku nzima. Robo saa ya mazoezi kila siku yashinda saa tatu za Jumapili moja.

Na wapo, kinyume chake, wanaotarajia makuu. Wamesikia kwamba muziki humfanya mtoto awe hodari wa hesabu. Tuseme kweli. Uvumi huo ulishika kasi baada ya utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature. Waliochunguzwa hawakuwa watoto, bali wanafunzi wa chuo kikuu huko California. Walisikilizishwa muziki wa Mozart kwa dakika kumi tu, na nafuu iliyoonekana katika jaribio moja ilitoweka baada ya dakika kumi hadi kumi na tano. Kwa hiyo usimpeleke mwanao kusoma fidla ili apasi hesabu. Mpeleke ili ajue fidla. Hiyo pekee ni faida ya kutosha.

Isitoshe, ni haki yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, katika ibara yake ya 31 unatambua haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza, na kushiriki katika utamaduni na sanaa.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo ngoma inapotaka kukatika. Chombo cha nyuzi ni ghali. Nyuzi zenyewe hutoka ng'ambo; hewa ya chumvi huzila, na unyevu wa masika huharibu mbao na gundi. Mwalimu naye ana watoto wa kulisha. Karo inayoweza kulipwa na mtoto wa mchukuzi wa bandarini haiwezi kubeba gharama hizo, na ukiipandisha umewafungia mlango walewale uliowakusudia.

Kwa miaka mingi Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kiliegemea misaada ya wahisani, wengi wao wa nchi za nje. Ufadhili huo ulipopungua, mwaka 2019 habari zilienea duniani kwamba chuo kilikuwa katika hatari ya kufungwa. Fikiri, msomaji: vijana waliokwisha kupita hapo walikuwa wanapiga katika matamasha, Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 likiwa mojawapo, watalii walikuwa wanakuja Unguja kwa kuvutiwa na muziki huo huo, mahoteli yalikuwa yanajaza wageni kwa sauti zake. Na mzizi wa yote hayo ukawa unakauka kwa kukosa maji. Nguo ya kuazima, walisema wazee, haisitiri.

Tangu mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitukumbusha kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho, akawastaajabia wasomi waliojua ngoma za Ulaya ilhali hawajui lelemama. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Hatua hizo ni njema. Lakini Bagamoyo hupokea vijana waliokwisha kukua. Aliyesahauliwa ni mtoto wa miaka saba, na wahenga walituonya kwamba udongo huwahiwa ungali maji.

Mahoteli yanayouza sauti ya taarabu pamoja na chakula cha usiku yangeweza kulipia mtoto mmoja mmoja. Skuli ingeweza kumwalika mzee wa ngoma alasiri moja kwa juma, akalipwa kwa heshima kama mwalimu mwingine yeyote. Kikundi cha taarabu kingeweza kutenga jioni moja ya mazoezi kwa ajili ya watoto wa mtaa wake. Haya hayangoji msaada wa ng'ambo.

ANZA NYUMBANI

Nawe, mzazi, usingoje chuo kije mlangoni. Mjapani Shinichi Suzuki aliyewafundisha watoto wadogo kupiga fidla, alishikilia jambo moja: mtoto hujifunza muziki kama ajifunzavyo lugha ya mamaye, kwa kuusikia kila siku kwa mtu ampendaye. Basi imba unapopika. Mwimbie mtoto mchanga bembelezi alizokuimbia bibi yako, na kama umezisahau, mwulize bibi angali hai. Mwache wa miaka mitatu apige kopo. Wa miaka mitano mfundishe kuitikia kwa wakati wake. Wa miaka saba mtafutie kundi, kaswida au kidumbaki. Wa miaka tisa au kumi, akiwa bado anataka, mtafutie mwalimu wa chombo. Kisha ketini pamoja mumsikilize, hata akikosea. Zaidi ya yote, mtoto akipiga, usimwambie anyamaze kabla hujasikiliza anachojaribu kusema.

Tulianza na methali, na tumalizie kwayo. Ngoma ya watoto haikeshi pale watoto wanapoachwa peke yao. Lakini mzee akiketi kati yao, akashika kigoma cha pili, akamwonyesha mmoja pa kugonga na mwingine pa kunyamaza, basi saa hupita pasipo mtu kujua. Wazee wenye elimu hiyo bado wapo Malindi, wapo Makunduchi, wapo Bagamoyo na Ujiji, na wengi umri umewatupa mkono. Jioni ya leo, ndugu msomaji, mchukue mwanao mkamwamkie mmoja wao.